Simu yangu inarudi nyuma saa moja hapa mpakani: ni mbovu?

"Habari fundi. Naishi Tunduma, upande wa karibu kabisa na mpaka, nauza vitenge kati ya hapa na Mbeya. Simu yangu ni Android ya laini mbili: moja ya Tanzania, nyingine ya Zambia ninayoitumia kwa wateja wangu wa Nakonde. Saa nimeiacha ijiweke yenyewe. Shida ni kwamba mara kwa mara, hasa usiku, inarudi nyuma saa moja kamili, halafu baadaye inajirekebisha. Juzi niliweka alamu ya saa 10:30 alfajiri niwahi basi la saa 12. Ikalia saa 11:30, basi likaniacha. Nikiirekebisha kwa mkono, meseji za WhatsApp zinaandika muda usioeleweka. Data ya romingi nimezima lakini bado. Kuna fundi ameniambia ina virusi, niifleshi kwa elfu ishirini. Je, simu ni mbovu? Nifanye nini iache kabisa?"

Pole sana dada kwa basi lililokuacha. Nianze na lile la pesa: usiifleshi. Hakuna kitu katika maelezo yako kinachoonyesha virusi, wala simu si mbovu. Ukiifleshi utapoteza picha na namba zako, na usiku huohuo itarudi nyuma saa moja tena, kwa sababu inachokosea haikukitoa ndani yake. Imekipokea kutoka hewani.

Dalili inayonipa uhakika huo ni hiyo uliyoitaja mwenyewe: saa moja kamili. Saa ya simu ikiwa mbovu haichagui kurudi dakika 60 barabara. Hupotea dakika 7, au dakika 23, au inarudi hadi tarehe 1 Januari 1970 kila betri inapoisha. Safari ijayo ukiona imebadilika, tazama dakika tu. Kama simu inasema 3:42 na ya jirani inasema 4:42, saa yako ni nzima kabisa. Kilichobadilika ni saa za eneo, yaani simu imeamini kwamba umevuka mpaka.

Hapa ndipo watu wengi wanapochanganya, na mafundi wengine pia, kwa hiyo naomba tukae kidogo. Ndani ya simu kuna vitu viwili tofauti. Cha kwanza ni saa ya dunia, ile inayoitwa UTC, ambayo ni moja kwa watu wote, awe Tunduma, Muscat au Toronto. Cha pili ni eneo, ambalo kazi yake ni kuiambia simu iongeze au ipunguze saa ngapi kabla ya kukuonyesha kwenye skrini. Tanzania huongeza 3. Zambia huongeza 2. Simu yako haihifadhi "saa kumi na nusu alfajiri" mahali popote. Inahifadhi UTC, inaongeza namba ya eneo, kisha inachora jibu kwenye kioo. Namba ya eneo ikigeuka kutoka 3 kuwa 2, jibu lote linarudi nyuma saa moja ingawa UTC haijatikisika hata kwa sekunde.

Alamu nayo hufuata kile kinachoonekana kwenye kioo. Wewe uliiambia ilie kioo kikisoma 4:30. Usiku kioo kilikuwa kinasoma kwa hesabu ya Lusaka, kwa hiyo 4:30 yake ilikuwa 5:30 yako. Alamu ilifanya kazi yake sawasawa, ila kwa saa za nchi nyingine.

Sasa simu inajuaje iko eneo gani? Kila inapojiandikisha kwenye mtandao, au inapohama kutoka kundi moja la minara kwenda jingine, mtandao unaweza kuitumia ujumbe mfupi wenye tarehe, saa na tofauti ya eneo. Wahandisi huuita NITZ. Tofauti hiyo huandikwa kwa robo saa: minara ya Tanzania inatakiwa kutuma 12, yaani robo saa kumi na mbili, na ya Zambia inatakiwa kutuma 8. Pamoja na hiyo, kila mtandao hujitambulisha kwa namba ya nchi. Tanzania ni 640, Zambia ni 645. Hata kama ujumbe wa saa haukuja, simu ikiona 645 inajua ni Zambia, na kwa kuwa nchi nzima hutumia saa za eneo moja tu, inamaliza hesabu yenyewe.

Simu yako ina laini mbili, na kila moja inaleta ushahidi wake. Laini ya Tanzania inasema 12, ya Zambia inasema 8, zote saa 24, zote zikisema kweli kwa upande wao. Simu lazima ichague moja. Katika Android za miaka ya karibuni, ushahidi ukilingana uzito, laini iliyo kwenye nafasi ya kwanza hupewa nafasi ya mbele. Inapotokea laini ya Tanzania ikapoteza mtandao, ushahidi wake unafutwa, unabaki wa Zambia peke yake, na simu inahamia Lusaka. Mtandao wa Tanzania ukirudi, inarejea. Ndiyo maana unaona inajirekebisha bila wewe kuigusa.

Kwa nini hasa usiku? Sababu zipo kadhaa na sitaki kukuchagulia moja nikiwa mbali. Mnara unaweza kukosa umeme, betri zake zikaisha. Unaweza kuwa unalala chumba cha ndani chenye bati na kuta nene, ambako laini ya Tanzania inashika kwa shida lakini ya Zambia inashika vizuri kwa kuwa mnara wake uko upande wa dirisha. Tena mawimbi ya simu hayajui kizuizi cha forodha. Mnara wa masafa ya chini, mfano 900 MHz, unafika kilomita nyingi, na Tunduma na Nakonde ni kama mji mmoja uliokatwa na mpaka. Ukiwa hapo, kuusikia mnara wa ng'ambo ni jambo la kila saa.

Kuhusu romingi: kuzima data ya romingi ni vizuri, kunalinda salio lako, endelea hivyo. Lakini swichi ile inazuia intaneti peke yake. Haizuii laini kujiandikisha kwenye mtandao wa nje kwa ajili ya kupiga na kupokea simu, na ujumbe wa saa huja wakati wa kujiandikisha, sio wakati wa kutumia data. Kwa hiyo hata laini yako ya Tanzania ikiwa peke yake, kama huduma ya romingi imewashwa kwenye laini na mtandao wa nyumbani ukapotea, inaweza kujiandikisha Zambia na kuleta saa ya huko. Na ikishashika mtandao wa nje haina haraka ya kurudi. Inaweza kubaki huko muda mrefu hata mnara wako ukiwa umeshawaka, ili mradi ule wa nje bado una nguvu. Alama ya R karibu na vijiti vya mtandao, au jina la kampuni ya ng'ambo kwenye mstari wa juu, ndiyo ishara kwamba uko kwenye hali hiyo.

Dawa ninayoipendekeza kwako ni hii: acha saa ijiweke yenyewe, ila eneo liweke kwa mkono. Ni swichi mbili tofauti, na ulikuwa ukiigeuza ile isiyohusika. Ulipozima saa ya kiotomatiki ukasogeza mshale saa moja mbele huku eneo likiwa bado Lusaka, kioo kilionekana sawa lakini UTC ya ndani ikawa saa moja mbele ya dunia. Ndipo WhatsApp ikavurugika: ujumbe huja na muda wa kweli wa UTC, simu inaongeza 2, na meseji iliyoingia sasa hivi inaandikwa kana kwamba iliingia saa moja iliyopita. Wakati mwingine WhatsApp yenyewe hukataa na kukuambia tarehe ya simu si sahihi. Programu za benki zinaweza kugoma pia, na zile zinazotoa namba za siri zinazobadilika kila sekunde 30 zitatoa namba zisizokubalika popote, kwa sababu namba hizo zinakokotolewa kutoka UTC.

Fanya kwa mpangilio huu. Fungua Mipangilio, ingia Mfumo, kisha Tarehe na saa. Kama huioni, tumia kisanduku cha kutafutia kilicho juu ya Mipangilio, andika "saa" au, kama simu yako ni ya Kiingereza, "time zone". Kwenye Samsung iko chini ya "General management". Ukishafika, kwanza washa kuweka saa kiotomatiki na uiache simu dakika moja au mbili ikiwa na mtandao, ili UTC uliyoisogeza irudi mahali pake. Usiruke hatua hii, maana ukichagua eneo sahihi juu ya UTC iliyopotoka, kioo kitaonyesha saa moja mbele na utadhani ushauri wangu ni mbaya. Baada ya hapo zima kuweka saa za eneo kiotomatiki. Chagua eneo Tanzania, kisha Dar es Salaam, GMT+03:00 (GMT hapa ina maana ileile ya UTC). Kama orodha ya simu yako haina Dar es Salaam, chagua Nairobi. Hesabu ni ileile, na ndani ya hifadhidata ya saa za dunia ambayo simu nyingi huitumia, Dar es Salaam imeunganishwa moja kwa moja na Nairobi.

Angalizo moja hapo: usichague mji wowote kwa kuwa tu mbele yake pameandikwa GMT+03:00. Cairo na Athens huonyesha +3 miezi ya kiangazi chao, kisha hurudi +2 majira yanapobadilika. Ungekaa salama hadi mwezi wa kumi, halafu ugonjwa ukarudi bila wewe kujua umetoka wapi.

Kisha ijaribu kabla hujaiamini na basi. Washa hali ya ndegeni kwa nusu dakika, zima, subiri laini zote mbili zisome, tazama saa. Halafu zima laini ya Tanzania peke yake kwenye mipangilio ya SIM, uiache ya Zambia ikiwa hewani kwa dakika tano hivi. Hilo ndilo tukio lenyewe la usiku, tumelileta mchana. Kama saa haijasogea, kazi imekwisha. Kama imesogea, rudi uangalie swichi ya eneo, maana kuna simu ambazo ukiwasha saa ya kiotomatiki zinawasha na ya eneo kimyakimya.

Na kuna simu, hasa za zamani kidogo, zenye swichi moja tu kwa vyote viwili. Ukiwa na simu ya namna hiyo una njia tatu, na hakuna iliyo kamili.

Ya kwanza ni kubadilishana nafasi za laini: ya Tanzania iwe nafasi ya 1, ya Zambia nafasi ya 2. Ni rahisi, haigharimu kitu, na inapunguza mabadiliko pale laini zote zinaposoma. Haisaidii laini ya Tanzania ikipotea kabisa.

Ya pili ni kuifungia laini ya Tanzania kwenye mtandao wake. Ingia mipangilio ya SIM, zima kuchagua mtandao kiotomatiki, simu itatafuta kwa dakika moja au mbili na kukuletea orodha, wewe chagua kampuni yako. Tangu hapo laini hiyo haitarukia mnara wa ng'ambo. Bei yake ni kwamba mnara wako ukizimika, laini inabaki bila mtandao mpaka urudi, na ukivuka kwenda Nakonde haitashika hadi urudishe uchaguzi wa kiotomatiki. Simu za dharura za 112 huruhusiwa kupitia mtandao wowote unaopatikana, kwa hiyo kwa hilo usiwe na hofu. Lakini njia hii nayo haigusi ushahidi wa laini ya Zambia. Kwa mtu mwenye laini moja inatosha. Kwako wewe haitoshi peke yake.

Ya tatu ni kuzima vyote, kuchagua Dar es Salaam, kisha kuweka saa kwa mkono na kuisahihisha mara moja kwa mwezi. Fuwele ya kwatzi inayoendesha saa ndani ya simu hukosea kama sekunde moja au mbili kwa siku, kwa hiyo kwa mwezi utakuwa umepotea chini ya dakika moja au hapo hapo. Kwa basi si neno. Kwa programu za namba za siri za sekunde 30, ni tatizo dogo la kukumbuka.

Utasikia pia kuhusu kutumia mahali ulipo kuweka saa za eneo. Kuanzia Android 12 swichi hiyo ipo kwenye simu nyingi, na ni teknolojia nzuri: simu inasoma mahali ilipo, inalinganisha na ramani ya mipaka, na haijali mnara unasema nini. Anayeishi Kyela mjini au Sumbawanga na akakumbwa na shida hii, ningempa hiyo kwanza. Kwako nasita, na sababu ni umbali. Ukiwa nje, GPS inakuweka ndani ya mita chache, hakuna shaka uko Tanzania. Ukiwa ndani umelala, GPS haisomi vizuri, simu inakisia mahali kwa Wi-Fi na minara, na makisio ya minara yanaweza kukosea kwa mita mamia au hata kilomita. Katika mji ambao mpaka uko hatua chache kutoka sokoni, kosa la kilomita moja linakupeleka nchi nyingine. Zaidi ya hapo, simu ikikosa uhakika wa mahali, baadhi hurudi kuuliza minara, na tumerudi tulipoanzia.

Mwenye iPhone mambo yake ni tofauti kidogo, kwa sababu swichi ya "Set Automatically" iliyo ndani ya "General", "Date & Time", inashika saa na eneo kwa pamoja. Ukiizima unajibebesha kazi ya kurekebisha saa mwenyewe. Kwa hiyo mwenye iPhone namshauri aiache imewashwa, aende kwenye "Privacy & Security", kisha "Location Services", kisha "System Services" mwisho kabisa, ahakikishe "Setting Time Zone" imewashwa, halafu aifunge laini kwenye mtandao wake kama nilivyoeleza. Ikiendelea kuruka, ndipo azime na kuchagua Dar es Salaam.

Simu ya batani nyingi haina chaguo la eneo linaloeleweka, ina swichi moja ya kusasisha saa. Izime, weka saa kwa mkono, basi. Kusema kweli, hadi utakapokuwa umelala siku kadhaa na kuona simu yako kubwa haitikisiki, weka alamu ya safari kwenye kitochi cha namna hiyo. Alamu ya kitochi kilichozimwa usasishaji haisikilizi mnara wowote.

Kuweka eneo kwa mkono kuna gharama yake, nisiifiche. Siku ukienda Lusaka kununua mzigo, au Dubai, simu itabaki inasoma saa za Tunduma mpaka uibadilishe. Mtu anayesafiri kila wiki angeudhika. Lakini wewe unalala Tanzania, unapanda basi la Tanzania, na mpaka unauvuka kwa saa chache. Mfumo wa kiotomatiki ulibuniwa kwa ajili ya msafiri anayeshuka uwanja wa ndege wa mbali. Mkazi wa mpakani ni mtu ambaye haukumfikiria vya kutosha.

Kuna hali moja ambayo ingebadilisha jibu langu. Fikiria laini ya Zambia umeitoa kabisa, juu ya skrini panasoma jina la kampuni yako ya Tanzania, hakuna R, na bado mipangilio ikiwa ya kiotomatiki inaandika GMT+02:00. Hapo anayekosea ni mtandao wako wa nyumbani: mtambo unaohudumia minara ya hapo umewekewa namba isiyo sahihi. Utaujua kwa njia mbili. Majirani wenye laini ya kampuni hiyohiyo watapata shida hiyohiyo siku hiyohiyo. Na mara nyingi itatokea kwenye kizazi kimoja cha mtandao na sio kingine, kwa kuwa ujumbe wa saa wa 2G na 3G hutoka kwenye mitambo tofauti na ule wa 4G. Badilisha aina ya mtandao unaopendelewa kutoka 4G kwenda 3G, washa na kuzima hali ya ndegeni, tazama kama saa inabadilika.

Ukiligundua hilo, wapigie huduma kwa wateja na uwape maelezo yanayoweza kufanyiwa kazi. "Saa yangu imekosea" haimfikii mhandisi. Waambie tarehe na saa ilipotokea, mtaa, kama ilikuwa 3G au 4G, aina ya simu, na kwamba umejaribu kwenye simu nyingine. Kwenye Android nyingi ukipiga *#*#4636#*#* inafunguka kurasa ya taarifa za simu yenye namba ya mnara unaokuhudumia. Piga picha ya skrini hiyo, usibadilishe chochote mle ndani, uwatumie. Wasipokujibu, hatua inayofuata ni TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ukiwa na namba ya malalamiko uliyopewa na kampuni.

Wasomaji wengine watajiona humu. Tofauti ya saa moja ipo Rusumo kuelekea Rwanda, Kabanga kuelekea Burundi, Kasumulu kuelekea Malawi, Mtambaswala kuelekea Msumbiji, na kando ya Ziwa Tanganyika ambako ng'ambo ni Kongo. Kwa Uganda ipo Katuna upande wa Rwanda, na Mpondwe na Bunagana upande wa Kongo. Namanga, Holili, Horohoro, Mutukula, Malaba na Busia haipo, pande zote ni +3, kwa hiyo ukiwa huko na saa inaruka, usilaumu mpaka. Walioko Goma, Bukavu na Lubumbashi wana jambo lao la ziada: Kongo ina saa za eneo za aina mbili, mashariki +2 na Kinshasa +1, lakini namba ya nchi ni moja, 630. Mtandao usipotuma ujumbe wa saa, namba ya nchi pekee haitoshi kuiambia simu iko upande gani. Wao wachague Lubumbashi kwa mkono. Na mwenye simu ya zamani aliyeko Juba: Sudan Kusini ilihama kutoka +3 kwenda +2 tarehe 1 Februari 2021, na simu ambayo haijasasishwa tangu kabla ya hapo bado inahesabu kwa utaratibu wa zamani. Huyo asasishe mfumo, na kama simu haipokei tena masasisho, achague Lusaka au Maputo.

Nakurudia wewe dada. Nenda kwa fundi ana kwa ana kama dakika zenyewe zinapotea, kama tarehe inarudi miaka ya nyuma kila simu ikizima, kama swichi za saa zimekuwa za kijivu hazibonyezeki, au kama umeweka Dar es Salaam kwa mkono, umezima ya kiotomatiki, na bado asubuhi unakuta pameandikwa Lusaka. Hilo la mwisho linaweza kuwa programu fulani iliyopewa ruhusa kubwa mno, au mfumo wa simu uliowekwa na muuzaji usio wa kiwandani. Mwombe fundi aianzishe simu katika hali salama, ambayo huzima programu zote ulizoziweka wewe, na kuiangalia kabla ya kugusa kitu kingine. Kama bado atataka kuifleshi, muulize anatarajia hatua hiyo irekebishe nini hasa, na hamisha picha na namba zako kwanza.

Na kwa kuwa wateja wako wa Nakonde wanahesabu kwa saa zao, fungua programu ya Saa, bonyeza alama ya kuongeza, andika Lusaka. Itakaa chini ya saa yako kubwa muda wote, na mkikubaliana kukutana saa nne, ulizeni kwanza ni saa nne ya upande upi.